Ufuta Haukufika Mezani

Mlo ninaousimulia huagizwa mapema. Nilipopiga simu kutoka Nachingwea kwenye nyumba moja ya wageni iliyoko Ruangwa, dada aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba "Mlo wa Asili wa Kusini" hupikwa kwa taarifa ya siku moja kabla, kwamba bei yake ni shilingi 55,000 kwa mtu mmoja, na kwamba nusu ya malipo hutangulia. Nikatuma pesa kwa simu papo hapo. Wenyeji wangu waliposikia kiasi hicho walishika vichwa, kwa sababu sahani ya mama lishe pale stendi haifiki hata 4,000. Mimi bei haikunishtua. Mtu akikipika chakula cha kwao kwa ujuzi, akakitafuta kwenye msimu wake na kukaa na moto tangu asubuhi, anastahili malipo kama fundi mwingine yeyote. Chakula cha makabila yetu kimekuwa cha bei ya chini kwa sababu wanaokipika ni mama zetu, na kazi ya mama haijawahi kuandikiwa ankara. Kusikia kwamba yuko mtu Ruangwa aliyethubutu kukiwekea bei ya heshima kulinifurahisha kuliko jambo lolote nililolisikia safarini.

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nimeshuka kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kusini, nikavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, nikapita Somanga na Nangurukuru. Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, wauzaji walikimbilia madirisha ya basi wakiwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba inayochimbwa porini na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Nilinunua fungu moja, likaisha kabla hatujafika Mtama. Mbele yake ni Nyangao, Nanganga, Ndanda kwa watawa wa Mtakatifu Benedikto, halafu vilima vya mawe vya Masasi. Kutoka Masasi kwenda Nachingwea vumbi ni jekundu na mikorosho imesimama pande zote mbili. Mwezi huo mikorosho huwa imeanza kutoa maua, na hewa inanuka salfa, kwa kuwa wakulima wanapuliza unga wake kuukinga mti na ubwiriunga. Anayetoka Kusini akiisikia harufu hiyo popote pale duniani atajua msimu umefika wapi.

Nachingwea nilifikia kwa mama wa rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Ni Mmwera, mjane, analima ufuta, mbaazi na muhogo, na ana mikorosho aliyoachiwa na mumewe. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema huko mjini hawanilishi.

Jioni hiyo nilimtazama akipika, na nitalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo kipimo nilichokwenda nacho Ruangwa. Kisamvu kilikuwa kimechumwa asubuhi, majani machanga ya juu tu. Kilitwangwa kwenye kinu hadi kikalainika kabisa, kisha kikachemshwa muda mrefu na maji ya kwanza yakamwagwa, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Wakati kinachemka aliweka kikaango kikavu kwenye mafiga mengine, akamwaga vikonzi viwili vya ufuta mweupe. Hakuacha kuukoroga hata mara moja. Ulipoanza kurukaruka na kubadilika rangi, aliuepua upesi akaumimina kwenye kinu kidogo.

"Ukiuachia moto kidogo tu unakuwa mchungu," aliniambia. "Na ukishakuwa mchungu hautengenezeki tena."

Akautwanga na chumvi mpaka ukaanza kutoa mafuta yake, akauchanganya na kisamvu na tui jepesi. Mbaazi zilikuwa mbichi, ndiyo kwanza zimeanza kukomaa, zimepikwa zikabaki nzima. Ugali ulikuwa wa makopa, ule wa unga wa muhogo mkavu, unaovutika na kung'aa, na ambao lazima uliwe wa moto. Hapakuwa na nyama. Kisamvu kile kilikuwa na ladha mbili: uchachu mdogo wa jani kwanza, halafu utamu mzito wa ufuta unaobaki mdomoni baada ya tonge kushuka. Nilikula kwa mkono mpaka bakuli likasafishika.

Nilimuuliza kama majirani wote wanapika hivi. Akasema zamani, ndiyo. Siku hizi ufuta una bei, kwa hiyo unatoka shambani unakwenda ghalani moja kwa moja, na wengi hawabakizi hata kibaba. Yeye kila mwaka hutenga debe moja, analiita la nyumbani, na hata mwanawe akihitaji ada ya shule ya mjukuu, debe hilo haliguswi.

Siku iliyofuata nilimsindikiza kwenye ghala la chama cha msingi. Ufuta hauvunwi kwa pupa: hukatwa kabla maganda hayajapasuka, ukafungwa matita na kusimamishwa ukauke, halafu kila tita hupinduliwa juu ya turubai na kutikiswa, mbegu zikamwagika. Kinachoogopwa ni mchanga, kwa sababu mnunuzi akiuona anashusha bei ya kila mtu. Wakulima wa huku wako chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mzigo hupimwa, mkulima akapewa stakabadhi, halafu bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima wenyewe, nao huulizwa kama wanaridhia. Siku ile waliridhia. Mikono ilinyooshwa chini ya mwembe, watu wakacheka, na kijana mmoja akaanza pale pale kupiga hesabu ya mabati.

Nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye baraghashia, nikamuuliza kama anajua mzigo unaliwa wapi. "Unakwenda China, unakwenda Japani," alinijibu. "Baada ya bahari mimi sijui tena."

Mimi kidogo nilikuwa najua. Nilipokuwa masomoni Osaka niliingia siku moja kwenye duka linalouza ufuta peke yake, mweupe, mweusi na wa rangi ya dhahabu, uliokaangwa na uliosagwa, na juu ya kaunta kulikuwa na kibao kinachotaja nchi ulikotoka. Tanzania ilikuwamo. Japani karibu ufuta wote inaotumia huununua nje, na sehemu yake hutoka kwetu. Wajapani wanausaga kwenye bakuli la udongo lenye mistari iliyochongwa ndani, kwa mchi wa mti, na wanaukaanga kwa hadhari ile ile niliyoiona kwa mama yangu wa Nachingwea. Baadaye nililala kwenye hekalu la watawa wa Kibudha katika mlima Koya, kusini ya Osaka, ambako wageni hupewa mlo usio na nyama wala samaki. Chakula kinachosifiwa sana hapo kimetengenezwa kwa ufuta: husagwa na maji, huchujwa, hupikwa na wanga wa mzizi wa mmea uitwao kuzu huku ukikorogwa bila kupumzika, ukiganda hukatwa vipande vidogo laini. Kipande nilichopewa kingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Bei ya mlo ule ilikuwa kubwa, na sikuona aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu chumbani alijua mikono iliyokoroga ilichoka kiasi gani. Wajapani wana migahawa ya kale ambamo mgeni hachagui chochote. Mpishi huamua kwa kufuata wiki ya msimu, na mgeni analipa ili aonjeshwe wiki hiyo. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza utamaduni wa chakula wa Wajapani kwenye orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu.

Sitaki Ruangwa iwe Japani. Nataka tu ieleweke nilikuwa natarajia nini nilipotuma ile nusu ya malipo: Julai ya Kusini, kwenye sahani.

Kabla ya kuondoka Nachingwea nilizunguka mji. Huwezi kuizungumzia ardhi ya hapa na chakula chake ukaacha kutaja karanga. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa bado kwenye mgao wa chakula baada ya vita na mafuta ya kula yakiwa adimu, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua, na mpango ukapitishwa: zaidi ya ekari milioni 3, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, Kusini ikipangiwa eneo kubwa kupita zote. Matrekta mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya vita. Miti iliangushwa kwa mnyororo mnene uliofungwa kati ya matrekta mawili yakienda sambamba. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imeshindwa, na paundi milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli ilifungwa mwaka 1962. Karanga zile zilikusudiwa majarini ya Waingereza, na katika hesabu zile zote mlaji alikuwa mtu wa mbali.

Moja ya mashamba yale, Farm 17, ndilo FRELIMO, wapigania ukombozi wa Msumbiji, walilofanya kambi ya mafunzo, Samora Machel akiwa kiongozi wao, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Wapiganaji wale walijifunza vita na pia walilima, kilimo kikiwa sehemu ya mafunzo. Kwangu mimi hilo ndilo la kukumbukwa zaidi pale: hatimaye ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya mikate ya London ililimwa na watu waliokula walichopanda.

Halafu kuna korosho. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilijenga viwanda vya kubangua, Nachingwea ikapata chake, kwa mitambo iliyonunuliwa Italia na Japani. Vingi vya viwanda hivyo vilisimama, vingine vikageuka maghala, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu huondoka ikiwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mbaazi nazo soko lake ni India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua, bei huku ilianguka hadi watu wakaziacha zikakauka shambani. Mama mwenyeji wangu alinisimulia mwaka ule bila uchungu. "Tulizila," alisema. "Mwaka ule watoto walinenepa."

Barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa nilipita asubuhi kwenye gari dogo lililojaa magunia. Ruangwa ni wilaya ya Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 kwa miaka 10, na mji umekua kwa kasi: majengo mapya, uwanja wa mpira wenye jina lake, timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kuifanya nchi nzima ijifunze Ruangwa iko wapi. Kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kuna kampuni zinazotafuta madini ya kinywe. Watu hao wote wanalala na kula, na nyumba za wageni zimeongezeka. Ile niliyoagiza chakula ilikuwa nzuri kupita nyingine zote nilizoziona: ukuta mweupe, bustani inayomwagiliwa, walinzi wawili.

Saa moja na nusu usiku nilikaribishwa kwenye ukumbi. Meza ilitandikwa kitenge. Kila kona ilikuwa na chungu, vinu vilisimama mlangoni, nyungo zilitundikwa ukutani, na ngoma ilisikika kutoka kwenye spika. Mhudumu, binti mchangamfu, alininawisha mikono kwa birika la shaba na kuniita "mheshimiwa". Nilipenda mapokezi yale. Kijiti cha udi kiliwashwa. Nilikuwa peke yangu isipokuwa meza moja ya wageni watatu waliokuwa wakizungumzia mitambo ya kuchoronga.

Kwanza ilikuja supu kwenye kibakuli cha udongo. Nilipokunywa kijiko cha kwanza nilijua ile ladha, kila mtu anaijua, ni kiungo cha pakiti, chumvi nyingi mbele na hakuna kitu nyuma. Nikaiweka kando nikisubiri chakula chenyewe.

Kikaja kwenye sinia kubwa la mti lililofunikwa kawa. Binti alilifunua kwa heshima. Katikati ulikuwa ugali wa sembe, mweupe kabisa, uliotolewa kwenye bakuli ukashika umbo la bakuli, juu yake kuna jani la giligilani. Pembeni kuku, aliyeandikwa kwenye kadi kuwa wa kienyeji. Kuku wa kienyeji ana mfupa mgumu na nyama inayokudai kazi. Huyu mifupa yake ilivunjika kwa vidole na nyama ilichambuka kama pamba. Kachumbari ilikuwa imemwagiwa mayonezi. Kisamvu kilikuwepo, nikakikimbilia kwa matumaini. Kilikuwa kimekatwakatwa kwa kisu, hakikutwangwa, kikakaangwa na kitunguu kwenye mafuta mengi. Nyuzi za majani zilikataa kutafunika. Nikatafuta ufuta kwa ulimi, nikatafuta karanga, tui, chochote. Mbaazi hazikuwepo kabisa. Mwezi Julai, Ruangwa, mbaazi hazikuwepo, badala yake kulikuwa na maharage ya kopo yenye mchuzi mtamu mwekundu.

Kinywaji kilikuwa juisi ya embe ya boksi iliyomiminwa kwenye kibuyu. Mwisho kabisa nililetewa korosho, kiganja kimoja, ndani ya kifuko chake cha karatasi ya kung'aa chenye anwani ya Dar es Salaam. Niliigeuza ile karatasi mara mbili. Nje ya dirisha, chini ya taa ya bustani, ulikuwa umesimama mkorosho wenye maua.

Sikukasirikia kiasi cha pesa. Kilichoniumiza ni kwamba kila kilichonizunguka kilisema Kusini, ila chakula. Chungu kilikuwa pale na hakikupikiwa, kinu kilikuwa mlangoni na hakikutwangiwa. Mtu aliyetoka mbali, Mtanzania wa Mwanza au mgeni wa ng'ambo, akila pale ataondoka akiamini amekutana na chakula cha Wamwera, na ataamini hakina ladha. Atalirudia hilo kwao. Mama lishe wa stendi hawezi kuileta hasara hiyo, kwa kuwa hajaandika popote kwamba anauza urithi wa watu. Anayeandika "asili" kwenye kadi amebeba jina la watu ambao hawapo mezani kujitetea.

Niliomba kumwona mpishi, binti akaingiwa na wasiwasi, nikamtuliza kwamba nataka kumsalimia tu. Alitoka kijana wa miaka kama ishirini na tano, amevaa koti jeupe safi, mikono nyuma. Nilimuuliza kwao wapi. Mbekenyera, akasema, humu humu Ruangwa. Alisomea upishi Dar es Salaam, akafundishwa mchuzi mweupe na namna ya kukata karoti kwa maumbo saba.

"Kisamvu cha nyumbani unakijua?" nilimuuliza.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nakijua, kaka. Bibi yangu anatia ufuta. Leo sisi wenyewe jikoni tumepika ugali wa makopa na mbaazi."

Nikamwomba sahani ya chakula hicho, nilipie. Alitazama mlango wa ofisi, kisha akanitazama mimi. Aliniomba radhi. Chakula cha wafanyakazi hakiruhusiwi kupelekwa kwa mgeni, hiyo ndiyo sheria ya nyumba, naye ana miezi mitatu tu kazini. Sikumsukuma. Nililala nikiwa na njaa na nikisikia mbali mtu akitwanga kitu, usiku ule, nyumba ya tatu au ya nne.

Asubuhi nilikwenda kumalizia malipo. Mwenye nyumba alikuwa kaunta mwenyewe, mama wa makamo aliyevaa dera, na kitabu cha hesabu mbele yake. Nilimwamkia, nikalipa pesa yake yote kwanza, ndipo nikamwambia, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku, kwamba chakula hakikunifurahisha na sababu zake. Nilimtajia kuku, maharage ya kopo, kisamvu kisichotwangwa. Nilitarajia atanijibu kwa ukali. Alifunga kitabu akanivutia kiti.

"Kaka yangu, unadhani sijui?" akasema. "Mimi Mmwera. Nilipofungua nilianza na hivyo hivyo unavyovitaka. Makopa, mbaazi, mtama. Akaja mgeni mkubwa na ujumbe wake. Ugali wa makopa ukawekwa mezani, akausukuma pembeni mbele ya watu wote, akasema amekuja kula si kukumbushwa njaa. Nina mkopo benki. Siku ile ile nikatuma mtu kununua sembe."

Maneno hayo yalinikaa. Yana historia ndefu: serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Tanganyika kupanda muhogo uwe akiba ya njaa, na aibu iliyoshikamana na lazima ile imeyafuata makopa mpaka kwenye meza zenye vitenge. Mgeni yule mkubwa alikuwa Mtanzania. Wengi wetu tukipata cheo tunaanza kwa kukikana chakula kilichotukuza, kisha tunashangaa mahoteli hayakipiki.

Hata hivyo nilimwambia kwamba jibu lake halinitoshi. Ukikosewa heshima na mgeni mmoja, usiwanyime wageni wote chakula chenu huku ukiendelea kuwauzia jina lake. Ama abadilishe kadi iseme kuku na ugali kwa 15,000, au abakize bei na apike. Nilimwambia mimi ningelipa 55,000 kwa mbaazi mbichi za wiki hii na kisamvu chenye ufuta kilichotwangwa kwenye kile kinu cha mlangoni, na kwamba nina hakika siko peke yangu, hasa akimwacha yule kijana wa Mbekenyera atoke jikoni aeleze mbele ya wageni anachopika. Nilimsimulia mlima Koya na kile kipande kidogo cha ufuta, na ghala la Nachingwea ambako mzigo wa Japani unaanzia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na mbaazi mbichi Januari nitazitoa wapi?"

"Januari hutazitoa," nikamjibu. "Januari utatoa cha Januari."

Akakaa kimya akichezea kalamu. Halafu akaniuliza yule mama wa Nachingwea anautia ufuta wakati gani, kabla ya tui au baada yake, kwa sababu marehemu mama yake alitia baada, na yeye alipojaribu mwenyewe ulimgandia chini ya sufuria. Nilikuwa nimetazama, lakini hilo sikuweza kumjibu kwa hakika. Nikachukua simu nikampigia mama, nikamweleza kwa kifupi, nikamwomba ruhusa, nikampa mwenye nyumba.

Walisalimiana kwa Kiswahili, wakaulizana ukoo, na hapo hapo wakahamia Kimwera. Sikufuata tena isipokuwa neno moja moja. Mwenye nyumba alishika kalamu akaanza kuandika nyuma ya kadi ya chakula. Mara akacheka kwa sauti, akamwita kijana wa jikoni aje, akaweka simu kwenye kipaza sauti katikati ya kaunta. Gari la Nanganga lilikuwa linapiga honi barabarani, kondakta akaingia ndani kuniuliza kama naondoka au siondoki, na mama wa Nachingwea alikuwa bado anawauliza wale wawili ufuta wao wameununua wapi na kama wameupepeta mchanga.